Foleni ya dharura hospitali ya mkoa: tuanze kurekebisha wapi?

Mwanazamu:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi ya idara ya dharura. Vitanda 14, wagonjwa kama 120 kwa saa 24. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tano usiku watu wanajaa hadi korido. Utaratibu uliopo: kadi, malipo, ndipo muuguzi anapima. Uongozi unataka kuongeza vitanda 6, wengine wanasema wenye magonjwa madogo warudishwe vituo vya afya. Bajeti ni ndogo. Tuanze na lipi?

Chati Mkononi:
Kabla ya kununua kitanda, pimeni muda. Kwa wiki moja kila faili liandikwe nyakati tano: alipofika mlangoni, alipopimwa na muuguzi, alipoonwa na daktari, ulipofanyika uamuzi wa kulazwa au kuruhusiwa, na alipotoka kweli. Tumieni saa ya ukutani, za mkononi hupishana.

Wagonjwa 120 kwa siku ni 5 kwa saa. Kila mmoja akikaa saa 6 kwa wastani, ndani mna watu 30 muda wote. Muda ukishuka hadi saa 4 wanabaki 20, na hamjanunua kitu. Mara nyingi mtakuta muda mrefu zaidi ni ule wa mwisho: uamuzi wa kulaza umeshatoka, wodi haina nafasi. Hapo hivyo vitanda 6 vitajazwa na wagonjwa wa wodini, na korido itabaki vilevile.

Nesi wa Mlangoni:
Triaji, yaani kupima na kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, itangulie kadi na malipo. Kwa hili msikubali maelewano yoyote, watu wanapoteza maisha wakiwa kwenye foleni ya dirisha. Mlangoni akae muuguzi mzoefu mwenye kipima oksijeni cha kidoleni, mashine ya presha, kipimajoto na glukomita (kipima sukari).

Mfumo wa triaji wa Afrika Kusini (SATS) unafaa mazingira yetu, rangi inaonyesha mgonjwa aonwe ndani ya muda gani: nyekundu papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano saa 1, kijani saa 4. Chukua mtu mzima anayetembea kwa kushikwa mkono (alama 1), anayepumua mara 24 kwa dakika (2), mapigo ya moyo 112 (2). Jumla ni 5, tayari ni chungwa. Kwa macho tu angeambiwa akae benchi.

Panapoharibika ni kwenye kuhesabu pumzi. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kukosea pumzi moja ni kukosea nne. Hesabu dakika nzima. Watoto wana chati zao, msitumie ya watu wazima. Na njano aliyepitisha saa bila kuonwa apimwe upya, maana rangi ya saa kumi si rangi ya saa moja usiku.

Tabibu wa Wilaya:
Kuwarudisha kijani sikubaliani. Hao hawakalii vitanda, wanakalia viti. Wapeni chumba kimoja, tabibu mmoja, vifaa vya kushona na dawa za msingi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku. Ukimgeuza mtu mlangoni bila kumpima, ndipo unapompoteza mzee wa kisukari anayesema "nimechoka tu".

Kitanda 9:
Dawa ya korido iko wodini. Mgonjwa anaambiwa ameruhusiwa saa tano asubuhi, kisha anasubiri bili, fomu ya bima, dawa za nyumbani na ndugu wa kumchukua. Kitanda kinaachwa saa kumi na moja jioni, dharura imeshafurika. Wanaotarajiwa kuruhusiwa wajulikane jana yake, bili zianze kufungwa usiku, raundi ya madaktari ianzie kwao. Anayesubiri ndugu asubiri kwenye kiti.

Mwanazamu:
Asanteni sana. Na maabara? Sampuli zinapelekwa kwa mkupuo. Majeruhi wa bodaboda nao wanakwamishwa na PF3, ile fomu ya polisi.

Nesi wa Mlangoni:
Mkupuo ndio unaowachelewesha. Damu itolewe wakati kanula (mrija wa mshipani) inawekwa, iende maabara muda huohuo, na rangi ya triaji iandikwe juu ya fomu ili nyekundu na chungwa zitangulie. Sukari, kipimo cha haraka cha malaria na mkojo vifanyike hapohapo idarani. Aliyechanganyikiwa au mwenye degedege apimwe sukari mara tu njia ya hewa ikihakikishwa iko wazi, kabla ya jambo jingine. PF3 ifuatiliwe na ndugu au askari huku damu ikizuiwa na mfupa ukifungwa.

Chati Mkononi:
Dada Mwanazamu, wiki ya kupima ikiisha, leta zile nyakati tano hapa. Tutaangalia pengo la uamuzi hadi kutoka kabla hamjagusa kingine.