Mrejesho: goti lililokakamaa baada ya ajali ya pikipiki

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu goti lililogoma kukunja baada ya kuvunjika muundi kwenye ajali ya pikipiki na kuwekewa chuma. Wengi mlisema nimwone mtaalamu wa fiziotherapia. Nimemwona, asanteni sana. Goti sasa linakunja vizuri kitini. Kushuka ngazi bado kunauma, kuchuchumaa hapana. Alinieleza kuwa maumivu ya mbele ya goti huwapata wengi waliowekewa chuma ndani ya muundi, hata mfupa ukishaunga. Maneno hayo yalinitua mzigo mkubwa, maana usiku nilikuwa silali kwa hofu.

Kofia niliyovaa siku ile nimeitupa, ingawa kwa nje ina mkwaruzo tu. Povu la ndani likishabonyezwa na kishindo halirudi, halikingi tena. Tafadhali msinunue kofia ya mtumba! Kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, lakini iwe nzima na mkanda ufungwe.

Kuendesha tena? Daktari hajaruhusu. Mguu ulioumia ni wa kulia, wa breki, nami nasubiri hadi uweze kukanyaga kwa nguvu bila kusita.