Outlook imegoma ofisi nzima, intaneti ipo, mhasibu peke yake anapata barua

MamaFaili (Sakina, Arusha)
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nisaidieni kabla bosi hajarudi kutoka Karatu.

Ofisi yetu ni ya utalii, kompyuta tisa, na seva ni zetu wenyewe, ziko stoo nyuma ya mafaili. Fundi wa kampuni ya intaneti alikuja kutubadilishia ruta. Tangu aondoke, Outlook inasema haiioni seva. Intaneti si mbovu, YouTube inacheza vizuri kuliko zamani! Kinachonitoa jasho ni hiki: simu yangu ikiwa kwenye bando inapokea barua za ofisi, nikiiunga wifi ya ofisi, kimya. Halafu kompyuta ya mhasibu haina shida hata kidogo. Wageni wa Julai wanasubiri ankara, nahangaika nao WhatsApp mmoja mmoja.

Kijana_wa_Kijenge
Dada, futa Outlook uiweke upya. Ikikataa, weka DNS ya Google (ile huduma inayogeuza jina la seva kuwa namba), 8.8.8.8, kila mashine. Mimi huwa namaliza hivyo.

FundiWaya_Moshi
Dada, usifute chochote. Outlook za mashine nane haziharibiki kwa mpigo. Na hiyo 8.8.8.8 hapo kwenu itaongeza tatizo, nitaeleza.

Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika nslookup, acha nafasi, kisha jina la seva ya barua kama lilivyo ndani ya Outlook. Fanya hivyohivyo kwa mhasibu. Lete majibu, jina la ofisi lifiche.

MamaFaili
Kwangu anayejibu ni 192.168.1.1, anwani anayotoa inaanza na 41. Kwa mhasibu anayejibu ni 192.168.1.10, anatoa 192.168.1.12. Nimeuliza: .10 ni ile seva ya kuingilia asubuhi kwa nywila, .12 ndiyo ya barua.

FundiWaya_Moshi
Umelipata lenyewe. Outlook inajua jina tu, namba inayopewa inategemea imemuuliza nani. Mhasibu anauliza seva ya stoo, yenye orodha ya majina ya ndani, anaambiwa barua iko .12. Ninyi wengine mnauliza ruta mpya. Ruta inapeleka swali nje, inarudi na anwani ya nje ya ofisi yenu wenyewe. Sasa kompyuta iliyo ndani inataka kupitia nje ili iingie tena ndani, na ruta nyingi hazikubali mzunguko huo. Simu kwenye bando inapata kwa sababu iko nje kweli. Mhasibu naamini aliwahi kuandikiwa DNS kwa mkono, ndiyo maana ruta mpya haikumgusa.

Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP, ile inayozigawia kompyuta anwani na DNS, penye DNS weka 192.168.1.10. Hiyo tu. Nafasi ya pili usijaze 8.8.8.8, hata ukishawishiwa. Windows ikiona ya kwanza inachelewa inahamia ya pili, na jibu la huko inaliamini. Mtapata Outlook inayokufa na kufufuka ovyo, na ugonjwa huo ni mgumu kuukamata kuliko huu wa leo. Mahali pa 8.8.8.8 ni ndani ya seva ya stoo, ili majina isiyoyajua iyaulize huko.

Ukimaliza, kila kompyuta iandikie ipconfig /release, ipconfig /renew, kisha ipconfig /flushdns, maana huwa zinatunza majibu ya zamani.

Kijana_wa_Kijenge
Sasa umeme ukikatika seva ikazima, si ofisi nzima inakosa hata Google?

FundiWaya_Moshi
Itakosa, mdogo wangu, umeuliza la maana. Kama UPS, betri ya akiba, haibebi, waweke DNS ya pili ya humohumo ndani. Mashine ndogo inatosha, mradi iwe na majina yaleyale.

MamaFaili
Nywila ya ruta alikuwa nayo fundi. Kanung'unika weee, mwisho kanipa. Nimeweka .10, mapokezi wamefungua wa kwanza, barua zimemiminika. Simu kwenye wifi nayo inapata. Laptop ya kijana wa magari ilibisha mpaka nilipoiandikia hiyo flushdns. Asante sana kaka. Mhasibu je, nimwache na DNS yake ya mkono?

FundiWaya_Moshi
Iondoe, ajipatie kutoka kwenye ruta kama wenzake. La sivyo siku mkibadilisha anwani ya seva atagoma yeye peke yake, na hakuna atakayekumbuka kwa nini.