Nitapata wapi vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na wanawake?

Mwalimu wa Morogoro:
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia kikundi cha usomaji cha wasichana wa sekondari. Juma lililopita binti mmoja alivipanga mezani vitabu vyetu vyote vya hadithi na tamthiliya, akavigawa mafungu mawili kwa kufuata majina ya waandishi. Fungu la wanaume lilikuwa na vitabu 19, la wanawake viwili. Akaniuliza kama wanawake hawaandiki, nami sikuwa na jibu la kumtosheleza. Madukani hapa mjini ninaoneshwa vitabu vya kiada tu. Naomba mnitajie majina, na zaidi ya hapo mnieleze namna ya kuvitafuta.

Mkutubi, Dar es Salaam:
Mwalimu, wanaandika, na wameandika tangu zamani. Kitabu kisichoingia kwenye mtaala aghalabu huchapwa mara moja, na nakala zikiisha msomaji wa kizazi kinachofuata hudhani hakikuwahi kuwapo. Majina nayo huwaficha. Penina Muhando alitoa *Hatia* mwaka 1972, *Nguzo Mama* 1982 na *Lina Ubani* 1984, lakini baadaye alitumia pia jina la Penina Mlama, kwa hiyo ukitafuta kwa jina moja utapata sehemu tu ya kazi zake. Anza na *Nguzo Mama*, tamthiliya ambayo ndani yake wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo. Wasichana wako wanaweza kuiigiza darasani.

Kwa vitabu vya karibuni, fuata wachapishaji. E&D iliasisiwa na Elieshi Lema na Demere Kitunga, wanawake wawili ambao mchango wao katika vitabu vya nchi hii haujapewa heshima inayostahili. Pitia pia orodha za washindi wa Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell. Humo utawakuta Anna Samwel Manyanza na *Penzi la Damu*, na Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar na *Mungu Hakopeshwi*.

Mwana wa Lamu:
Mwalimu, nakuomba usianzie mwaka 1972. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, aliujua kwa moyo. Alikuwa akinisuka nywele huku akianza, "Negema wangu binti," yaani nisogelee, nami nilisogea kwelikweli nikidhani ananiita mimi. Wasomee kwa sauti, kwa maana utendi ukisomwa kimyakimya hupoteza nusu ya utamu. Yapo humo mawaidha ya kumtii mume ambayo wasichana wa leo watayapinga, na waachwe wayapinge, kwa sababu ndivyo mtunzi anavyosomwa kwa uzito anaostahili.

Mwalimu wa Morogoro:
Nawashukuru sana. Yule binti nimemkabidhi daftari la orodha, na tayari ameandika Muhando na Mlama kwenye mstari mmoja. Utendi tutaanza kuusoma Ijumaa. Mwenye nakala ya *Nguzo Mama* ya kuuza, hata ikiwa imechakaa, naomba aniarifu. Nitalipia kitabu pamoja na gharama ya kukituma kwa basi hadi Msamvu.