Mzee kifua kinambana hata akiwa amekaa: stenti au baipasi?

mtoto_wa_mzee: Wakuu naombeni mawazo. Mzee wangu ana miaka 66 na sukari ya muda mrefu, wiki iliyopita kifua kilimbana amekaa tu sebuleni anasikiliza taarifa ya habari, tukamkimbiza, wakasema si shambulio la moyo ila liko mlangoni. Picha imeonyesha mishipa mitatu ya moyo imeziba, na ule mkubwa wa mbele umo. Daktari mmoja anataka afunguliwe kifua wamfanyie baipasi, yaani wapachike mshipa wa mguuni au wa kifuani upitishe damu kando ya palipoziba; mwingine anasema stenti zinatosha, vile vijibomba vya waya vya kutanua mshipa kwa ndani bila kupasua. Mwenyewe hataki kusikia habari za msumeno.

chuma_bado: Mi nina stenti 2 toka 2017 nadunda tu. Operesheni ya nini bana.

sista_wa_zamu: @chuma_bado una sukari? mishipa mingapi iliziba?

chuma_bado: Sina sukari. Mmoja.

sista_wa_zamu: Basi we na mzee hamfanani. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulikuwa na wagonjwa 1,900 wote wa sukari na mishipa zaidi ya mmoja mibovu, baada ya miaka 5 waliokufa, au kupata shambulio la moyo au kiharusi, walikuwa 26.6% kwa stenti na 18.7% kwa baipasi. Ila wasikufiche, kiharusi peke yake kiliwapata zaidi waliopasuliwa, 5.2% kwa 2.4%. Eko (ile picha ya moyo ya ultrasound) inasemaje, moyo unasukuma vizuri? Maana kuna utafiti wa zamani wa hospitali za maveterani Marekani, wagonjwa wa kubanwa hivihivi, ambao moyo ulishachoka ndo walionufaika na upasuaji kuliko dawa tupu.

mtoto_wa_mzee: Umechoka kidogo wamesema.

bi_mkubwa_wa_kovu: Mwanangu mi nilipasuliwa 2011. Miezi mitatu ya kwanza nilijuta, ukikohoa unakumbatia mto, na mguu walikotoa mshipa uliniuma kuliko hata kifua. Mwaka wa 9 nikaanza kubanwa tena nikipanda ngazi, kumbe mmoja wa mguuni umeziba, ule wa kifuani uko wazi mpaka leo. Muulize daktari, huo wa mbele ataupachikia upi?

sista_wa_zamu: Swali zuri hilo. Ya mguuni ikifika miaka 10 karibu nusu imeziba, wa kifuani 90% unakuwa bado unapitisha. Na aspirini na dawa ya kolestro haachi, sigara ndo kabisa.

mtoto_wa_mzee: Sigara kaacha juzi wodini, leo nimemkuta na kiberiti mfukoni 😔

bi_mkubwa_wa_kovu: Njoo inboksi unipe namba, niongee nae mwenyewe.