Siku 30 za kufuta miaka 12 ya safari zetu? Wenye majukwaa, hili hapana

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Jumuiya ya wasafiri ya mtandaoni niliyoishi nayo miaka 12 imezimwa. Barua pepe iliingia Jumatatu asubuhi, mistari sita tu, inaanza na asante na kuishia na tarehe: baada ya siku 30 kila kitu kinafutwa. Hakuna aliyeulizwa. Sisi wasimamizi wa kujitolea, tuliokuwa tunakesha kufuta matangazo ya matapeli na kusuluhisha ugomvi wa watu, tulipata habari saa ileile na mtu aliyejiunga wiki iliyopita.

Haikuwa jumuiya kubwa. Tulikuwa wapenzi wa safari ndefu za treni, na kilichotuweka pamoja ni masimulizi. Mtu akirudi safarini anakaa chini, anaandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anaweka picha ya tiketi. Anasema alikosea wapi, nani alimsaidia, alilala usingizi au alikesha. Wengine wanauliza, wanamsahihisha, aliyepita njia ile mwaka uliotangulia anaongeza lake. Safari ya wiki moja ilikuwa inasimuliwa miezi miwili, na hakuna aliyemwambia mwenzake fupisha.

Niwape mfano mmoja mjue kilichokwenda na maji.

Tulikuwa na mzee mmoja ambaye wote tulimwita Mzee, basi. Alisimulia safari yake ya kutoka Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289, treni moja bila kushuka njiani, daraja la tatu. Behewa la daraja lile halina vyumba vya kufunga mlango. Lina vitanda 54, na vya kuanzia namba 37 vimepangwa ubavuni mwa ujia ambako kila mtu anapita. Mzee alichora ramani ya behewa zima kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari yenye mistari, akaipiga picha akaiweka. Namba 37 na 38 alizizungushia duara mara mbili, akaandika pembeni kwamba hapo usilale, mlango wa choo utakuwa kichwani kwako njia nzima. Mimi nilisafiri kwa ramani ile. Niliichapisha, nikaikunja mara nne, nikaitoa mfukoni mbele ya dirisha la tiketi. Mwenye dirisha aliiangalia, akacheka, akanipa kitanda kingine.

Alieleza na habari ya saa. Miaka ile ratiba na tiketi za reli za Urusi zilifuata saa za Moscow nchi nzima, hata kule mashariki ya mbali ambako Vladivostok imetangulia kwa saa 7. Tiketi inakwambia unafika saa 5 asubuhi, wewe unachungulia nje unaona giza linaingia, maana pale ni saa 12 jioni. Watu walikuwa wanakosa treni kwa jambo hilo. Mzee alitufundisha kuvaa saa mbili, mkono huu ya Moscow, mkono ule ya mahali. Kisha Agosti 2018 shirika la reli likahamia kwenye saa za mahali, na mwenzetu mmoja akaja kuandika palepale chini ya maelezo yale: Mzee, saa ya pili sasa vua. Hivyo ndivyo masimulizi yetu yalivyokuwa yanabaki hai. Mtu mpya alisoma ushauri na masahihisho yake kwa pamoja, akajua njia ilivyokuwa zamani na ilivyo leo.

Mzee alifariki. Binti yake alikuta anwani yetu kwenye kompyuta ya baba yake, akajiunga. Hakuwa na habari kwamba baba yake alikuwa ameandika kurasa 9 juu ya siku zile 7. Tulimwona anasoma, maana mfumo ulikuwa unaonyesha nani yuko kwenye uzi gani. Alikaa ndani ya uzi ule siku mbili. Mwisho akaandika mchango mmoja tu, kutushukuru kwa kumsikiliza baba yake.

Uzi huo umefutwa. Wakuu, umefutwa!

Najua mtu atakuja hapa kuuliza kwa nini hatukupakua. Tulipakua. Wenye jukwaa walituwekea kitufe cha kuchukua data zako. Nilikibofya, nikasubiri siku mbili, ikaja faili. Ndani kuna maneno yangu peke yangu, yamepangwa kama orodha ya majina ya mahudhurio. Hakuna picha. Hakuna michango ya wengine, ati hiyo ni mali ya wengine. Kwa hiyo nina sentensi yangu inayosema "ndiyo, lakini shuka upande wa kushoto", na sijui nilikuwa namjibu nani, kuhusu kituo gani. Miaka 12 ya mazungumzo nimerudishiwa upande mmoja. Ni kama mtu anakupa kaseti ya simu uliyopiga, na sauti ya uliyempigia wameifuta.

Basi nikaanza kuokoa kwa mkono. Usiku nafungua ukurasa, nahifadhi, nafungua mwingine. Usiku wa nne seva ikanifungia kwa kuniona nafungua kurasa nyingi kama roboti. Nikawaandikia. Jibu lililorudi lilikuwa lile la mashine, la kunishukuru kwa kuwasiliana nao. Nilikuwa nimeokoa ukurasa wa 1, wa 2 na wa 3 wa uzi wa Mzee, na wa 8 na wa 9 kwa sababu nilitaka kwanza niuokoe mchango wa binti yake. Nilipofunguliwa, siku 30 zilikuwa zimekwisha.

Wengine mtaniambia niende Internet Archive. Nilikwenda, na Mungu awabariki wale watu, tangu 1996 wanahifadhi kurasa ambazo wenyewe wenye kurasa hawazitaki. Lakini mashine yao inaona kinachoonekana na kila mtu. Sehemu yetu ya masimulizi ilihitaji uingie na nenosiri, kwa hiyo kule hakuna kitu. Na hata zile nyuzi zilizokuwa wazi, mara nyingi umehifadhiwa ukurasa wa kwanza tu, ukibofya wa pili unakuta patupu.

Sasa, kinachonikera kuliko vyote ni kwamba hii si ajali. Ni mchezo uleule, na wasafiri tumechezewa tangu mwanzo. GeoCities, tovuti iliyowapa watu kurasa za bure zilizopangwa kwa mitaa, ilikuwa na mtaa wake mzima wa wapenda safari, uliitwa TheTropics. Yahoo wakainunua GeoCities 1999, Oktoba 2009 wakaizima, na kingi kilichobaki kipo kwa sababu watu wa kujitolea walikimbizana na saa kukinakili. VirtualTourist, jumuiya ya wasafiri kama yetu, ilinunuliwa na TripAdvisor 2008, ikafungwa Februari 2017, na mwaka huohuo TravelPod, nyumba nyingine ya shajara za safari iliyokuwa mikononi mwa kampuni hiyohiyo, nayo ikazimwa. Mwaka huo wa 2017 ndio Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, walibadilisha masharti ghafla, wakataka dola 399 kwa mwaka kwa mtu anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Kurasa za masimulizi zikajaa viboksi vya kijivu duniani kote. Maandishi yanasema "tazameni daraja hili", chini yake kiboksi.

Na Thorn Tree, yaani mti wa miiba. Hii inaniuma kwa namna yake, kwa sababu ya jina. Kwenye mkahawa wa hoteli ya Stanley, Nairobi, palikuwa na mti wa mgunga, na wasafiri walikuwa wanabandika vikaratasi kwenye shina lake: nimepita, naelekea huku, nisubirini pale, fulani barua yako iko kwa fulani. Lonely Planet, wachapishaji wa vitabu vya kuongoza wasafiri, walipofungua baraza lao la mtandaoni mwaka 1996 walichukua jina la mti ule. Walijua wanachokichukua. Mti haukuwa na masharti, kikaratasi chako kilikuwa kikaratasi chako, na ungeweza kurudi kukibandua ukaondoka nacho. Mwaka 2020, safari zilipokuwa zimesimama duniani na watu wamefungiwa majumbani, baraza lile likafungwa michango mipya, halikurudi tena. Zaidi ya miaka 20 ya watu kuelekezana njia.

Sikatai kwamba kuna gharama. Nimekuwa msimamizi, nazijua: seva inalipiwa, matapeli hawalali, mwanasheria anataka kujua nani ameandika nini, na watangazaji wamehamia kwenye video. Mtu akichoka kulipa, ana haki ya kufunga mlango. Ninachokataa ni kuchoma vilivyomo ndani na wenyewe tumesimama nje. Kurasa za maandishi ni nyepesi. Ukiziacha zisomeke tu, bila kuruhusu michango mipya, hazihitaji msimamizi wa usiku wala huwapi matapeli pa kuingilia. Kama hata hilo ni mzigo, wape wanachama nakala kamili, pamoja na majibu na picha, wao watatafuta pa kuiweka. Tulijitolea kufanya hivyo. Watu wetu watatu wanajua kazi ya seva, walisema wazi kwamba wataibeba bure. Tuliandika barua tatu, tukaachwa kwenye mataa.

Na msiniambie haiwezekani, imeshafanyika. Wikitravel, mwongozo wa safari wa mtandaoni ulioandikwa na watu wa kujitolea, ilipouzwa kwa kampuni mwaka 2006, waandishi wake wa Kijerumani waliondoka na maandishi yote wakaanzisha Wikivoyage, na baadaye wa Kiingereza wakawafuata, hadi Januari 2013 ikazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, wale wenye Wikipedia. Waliweza kwa sababu tangu siku ya kwanza maandishi yale yaliandikwa kwa leseni huria, inayomruhusu yeyote kuyanakili mradi ataje yalikotoka. Hata kesi ilifunguliwa dhidi ya watu wawili wa kujitolea, na bado mradi ukasimama. Sisi tulibofya "nakubali" mwaka tuliojiunga bila kusoma, na kwenye masharti yale kampuni ilijipa haki ya kutumia maneno yetu itakavyo na haki ya kuyafuta itakavyo. Mwandishi hakupewa haki hata ya kuonywa mapema.

Halafu kuna hili la "hamieni kwenye makundi ya WhatsApp". Jamani. Nimo kwenye makundi matano ya wasafiri. Swali lililojibiwa vizuri asubuhi, jioni limezama chini ya salamu 80 na picha za maua, na kesho mgeni analiuliza upya, anajibiwa na mtu mwingine asiyejua. Huwezi kulitafuta ukiwa nje ya kundi. Hata ukiwa ndani, ukibadilisha simu bila kuhifadhi, limekwenda. Na video ya sekunde 30? Inakuonyesha dirisha na muziki. Haikuambii kitanda namba 37 kina nini.

Wanasema ilikuwa bure, kwa hiyo hatuna cha kudai. Mimi nilikuwa nafungua ripoti za wageni kila mwezi, naona watu wanaingia kwa kutafuta jina la kituo fulani au kivuko fulani na kuangukia nyuzi zetu zilizokuwa wazi. Matangazo waliyoyakuta pembeni hayakulipwa kwa Mzee. Tulilipa kwa jioni zetu. Kuna dada mmoja aliandika safari yake nzima akiwa kitandani hospitali, kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa sababu aliahidi wasomaji kwamba atamaliza. Mwambieni huyo kwamba ilikuwa bure.

Ninachotaka kwa wenye majukwaa yaliyobaki ni vitu viwili, na wasimamizi wenzangu mlioko huko mvidai sasa kabla ya barua ya mistari sita kuwafikia. Notisi ya mwaka mzima. Na kitufe cha kupakua kinachoshusha uzi mzima kama ulivyo, wenye wachangiaji wote. Mkikataliwa, anzeni leo kuhifadhi ukurasa baada ya ukurasa, na ule wa pili msiusahau.

La mwisho ni ombi. Kama wewe ulikuwa mwenzetu na ulihifadhi chochote cha uzi wa Mzee wa Moscow hadi Vladivostok, nitafute kwenye ujumbe binafsi. Natafuta ukurasa wa 4, wa 5, wa 6 na wa 7. Ndipo alipokuwa anapita ufukweni mwa Ziwa Baikal, na nakumbuka palikuwa na picha mbili za alfajiri alizopiga kupitia kioo chenye barafu. Ramani ya kalamu ya bluu ninayo, ile ya karatasi, imechanika kwenye mikunjo lakini inasomeka. Binti yake ameniuliza mara mbili kama nimepata zilizobaki.