Kipindi cha Sanaa na Michezo darasa la tatu: watoto 92, mpira mmoja. Naombeni uzoefu

Mwalimu_Kilosa

Habari za jioni wadau wa elimu.

Nafundisha shule ya msingi wilaya ya Kilosa, Morogoro. Mwaka huu nimepangiwa Sanaa na Michezo darasa la tatu, watoto 92 chumba kimoja. Chuoni nilichukua Hisabati na Sayansi. Kuchora kwangu kunaishia kwenye sehemu za ua. Vifaa nilivyovikuta ni mpira mmoja wenye pancha, boksi la chaki za rangi ambalo limebaki nusu, na kabati la vitabu vya hadithi ofisini lenye kufuli, kwa kuhofia watoto watavichana.

Vifaa naweza kuhangaika navyo. Kinachoniuma ni kwamba kipindi chenyewe kinaliwa. Kila Alhamisi naambiwa, mwalimu, tupe hizo dakika 40 tumalizie kuzidisha, hawa mwakani wana upimaji wa darasa la nne. Natoa. Tangu shule zifunguliwe tumetoka uwanjani mara mbili tu.

Niwaeleze kilichonifanya niandike. Nina mvulana ambaye bado anahangaika na silabi. Darasani hanyooshi kidole. Juzi wakati wa mapumziko nikamkuta nyuma ya jiko la shule anaunda gari. Bodi ni boksi la sabuni, ekseli ni njiti za ufagio wa chelewa, magurudumu kayakata kwenye ndala iliyokatika. Yote manne yalikuwa sawasawa kabisa, nikachuchumaa kuyatazama. Nikamuuliza umepimaje? Akatoa mfukoni kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Anakiweka juu ya ndala, anakizungushia msumari, ndipo anapitisha wembe. Halafu akanionyesha gurudumu la tano alilolitupa kwa sababu tundu halikukaa katikati: "Hili linafanya gari lichechemee, mwalimu."

Huyo mtoto kwenye karatasi zangu ana alama ya chini kuliko wote.

Naombeni mnisaidie. Watoto 92 mnawatoaje nje bila vurugu, na bila 70 kukaa kuwatazama 22? Rangi mnapata wapi? Na mwalimu mkuu naanzia wapi kuzungumza naye? Ni mtu mwema, ila anabanwa na matokeo.

MzeeWaZeze

Mwalimu mwanangu, nimestaafu, nilifundisha Dodoma miaka mingi, na darasa la watoto 100 nalijua.

Usitegemee huo mpira. Wagawe makundi manne, kila kundi na kona yake. Kona ya kwanza rede: soksi kuukuu ijaze matambara, ifunge kamba, umepata mpira usioumiza. Kona ya pili kuruka kamba. Ya tatu mdako kwa kokoto, na huo mdako usiudharau, maana mtoto anadaka moja huku anazoa mbili, tatu, nne, ni hesabu mkononi. Ya nne mbio za kupokezana kijiti. Filimbi kila baada ya dakika 8, wanahama kona. Hiyo ni dakika 32, zinazobaki ni za kutoka na kunawa. Viongozi wa makundi wachague wale wasioongea darasani.

Rangi unazo hapo hapo. Mkaa usage, udongo mwekundu uchekeche kwa kitambaa, manjano ya jikoni, majani ya maboga uyatwange. Changanya na uji mwembamba wa unga wa muhogo, bila hivyo rangi ikikauka inapukutika. Karatasi usinunue, pasua maboksi ya dukani, wachore upande wa ndani. Wasimulie habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo kuna familia Dar es Salaam zinakula kwa uchoraji ule.

Ngoma, usiifundishe wewe. Hapo Kilosa mna Wakaguru, mna Wasagara, mna Wavidunda. Nenda serikali ya kijiji, omba bibi mmoja anayejua kupiga, aje mara moja kwa mwezi. Kwetu Ugogo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) aliikuta nyumbani, akaizunguka nayo dunia.

Na huyo fundi wako wa magari, mfundishe silabi kwa makofi. "Kitabu" makofi matatu. "Mtoto" nayo matatu, si mawili, hiyo "m" ina kofi lake. Wengi wanaoiruka wakati wa kuandika ni kwa sababu hawajawahi kuisikia.

MkuuWaShuleVijijini

Mwalimu, mimi niko upande wa pili wa hiyo meza, nakuambia ukweli. Mwenzangu huyo akiona watoto wako nje, anawaza akiulizwa wilayani atajibu nini. Mpe jibu. Sanaa na Michezo ni somo ndani ya mtaala ulioanza kutumika 2024, lina muhtasari wake kama Hisabati. Nenda na azimio la kazi (mpango wa muhula), andalio la somo (mpango wa kipindi), na shajara ya somo (kumbukumbu ya uliyofundisha) iliyojazwa. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wataanza na hivyo. Usiende na lawama. Na lile gari nenda nalo, liweke mezani kwake.

MamaWawili_Mbagala

Habari mwalimu. Kuhusu kabati la vitabu: mwalimu wa binti yangu alitundika kamba ya katani ukutani, akabana vitabu 20 kwa vibanio vya nguo, vikaonekana majalada. Watoto wawili wanaandika kwenye daftari nani kachukua na karudisha lini. Kikichanika, aliyekichana anakigundisha Ijumaa mbele ya wenzake, hachapwi. Binti yangu alikuwa hashiki kitabu nyumbani, sasa ananisomea mimi nikiwa nasonga ugali.

Mwalimu_Kilosa

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Narudisha mrejesho.

Nilimpelekea mwalimu mkuu maandalio ya wiki nne pamoja na gari. Alilisukuma mezani mara mbili, kimya. Kisha akasema Alhamisi yako isiguswe. Ufunguo wa kabati bado, amenipa vitabu 10 kwanza aone.

Alhamisi tumetoka. Kona ya kamba iligombana, kamba moja haitoshi watoto 23, kesho natafuta ya pili. Rede walikataa kuhama, filimbi nilipuliza mara tatu. Uji wa muhogo niliukoroga mzito mno, ukashika kama ugali, nitapunguza unga.

Yule mvulana nilimpa uongozi wa mbio za kijiti. Kabla ya kuanza aliniomba chaki, akapima mistari kwa hatua zake ili kila mwenzake akimbie sawa na mwingine. Tuliporudi darasani nikaandika ubaoni "mtoto". Akapiga kofi moja, akasita, akapiga mawili.

Mzee, kwa maneno yenye "ng'" na "ng" unafanyaje? Hapo ndipo tulipokwama.