Naomba ushauri: kuchanganya mafuta ya kukaangia yaliyotumika na dizeli

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, ninaendesha jenereta ya dizeli ya mtindo wa zamani, yenye pampu ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta, na ninapata kwa wingi mafuta ya mimea yaliyokwisha kukaangiwa. Ninakusudia kuyachuja na kuyachanganya na dizeli, sehemu moja kwa nne. Kwa kuwa injini ya dizeli iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, je, kuchuja kunatosha, au kuna hatua ninayoiruka?

Fundi Nozeli
Ndugu, Paris ilionyesha kwamba injini inawaka. Suala la kudumu ni jingine. Kuchuja huondoa makapi, lakini mnato wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, unabaki palepale. Dizeli inayokidhi kiwango cha Ulaya cha EN 590 ina mnato wa milimita za mraba 2 hadi 4.5 kwa sekunde katika nyuzijoto 40 za Selsiasi, ilhali mafuta mengi ya mimea yana 30 hadi 40. Nozeli, yaani kifaa kinachopulizia mafuta ndani ya silinda, inatakiwa kuyapuliza yawe kama ukungu. Yakiwa mazito hutoka kwa matone makubwa yasiyoungua yote, masizi magumu yakaota kuzunguka matundu ya nozeli, ringi za pistoni zikakwama, na mafuta mabichi yakapenya hadi kwenye oili na kuifanya iwe nzito. Mchanganyiko wako utapunguza madhara haya bila kuyaondoa, na kwa kuwa jenereta itawaka vizuri mwanzoni, hutaona dalili mapema.

Mkemia
Hatua unayoiruka ni kuyageuza mafuta kuwa biodizeli. Huchanganywa na methanoli pamoja na hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu, kisha gliserini hujitenga na kuzama, takriban kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta, na mnato hushuka hadi karibu na ule wa dizeli. Mafuta yaliyokaangiwa huwa na maji na asidi huru, vitu viwili vinavyozaa sabuni badala ya biodizeli, kwa hiyo yakaushwe kwanza na asidi yake ipimwe kabla ya kukadiria hidroksidi. Methanoli ni sumu hata ikipenya kwenye ngozi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Asiyekuwa na mahali penye hewa na vifaa vya kujikinga heri anunue biodizeli iliyokwisha tengenezwa.

Ukitaka kuikagua, tia mililita 3 za biodizeli katika mililita 27 za methanoli kwenye chupa angavu, kisha utikise. Ikiyeyuka yote, ni dalili njema. Mafuta yakituama chini, bado hayajageuka yote.

Mtunza Tangi
Ningeanza na asilimia 5 ya biodizeli ndani ya dizeli, nikapanda taratibu bila kuvuka 20. Biodizeli ni nzito kidogo kuliko dizeli, kwa hiyo imimine juu ya dizeli ili ichanganyike ikishuka. Itang'oa uchafu uliogandamana tangini kwa miaka, basi weka filta ya akiba karibu. Mabomba na vizibo vya mpira wa asili au wa nitrili (aina ya mpira wa viwandani) huvimba na kulainika, hasa kiwango kikipanda. Biodizeli iliyotokana na mawese huanza kuganda kwenye nyuzijoto kumi na kadhaa. Usiilaze zaidi ya miezi sita.

Mleta mada
Nashukuru sana. Je, gari jipya lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi nalo linaweza kutumia mchanganyiko huo wa asilimia 20?

Fundi Nozeli
Usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. EN 590 yenyewe inaishia asilimia 7 ya biodizeli. Magari mengi ya aina hiyo hunyunyiza mafuta ya ziada ndani ya silinda ili kuchoma masizi ya kichujio, na kwa kuwa biodizeli huchemka kwenye joto kubwa zaidi, sehemu yake huteremka kwenye oili na kubaki humo. Ukipima oili kwa kijiti ukaona imepanda badala ya kupungua, imwage yote.